Kumnunua Pug wa Familia: Njia Nne Zilizopangwa kwa Ubora

Wanunuzi wengi wa pug, mbwa mdogo wa uso bapa, hushikwa na uso wake. Humwona amekunja paji la uso kama mzee aliyeletewa habari mbaya, macho yamemtoka, mkia umejiviringa juu ya kiuno, na kabla hawajauliza swali la pili wameshatoa fedha. Kwa tabia hawajakosea, kwani pug ni mchangamfu, huwavumilia watoto, hahitaji uwanja mpana, na kwa kawaida uzito wake mzuri ni kati ya kilo 6 na 8. Asili yake ni Uchina, ambako alifugwa awe mwandani wa wakubwa, kwa hiyo anayetafuta mlinzi wa lango atafute mbwa mwingine. Kasoro kubwa ya pug imo katika pumzi yake, na ndiyo maana njia za kumpata zimepangwa hapa kwa kufuata kigezo kimoja: ni njia ipi inayokuwezesha kujua, kabla ya kulipa, jinsi mbwa huyo anavyopumua.

Fuvu la pug limefupishwa kwa vizazi vingi vya kuchagua wenye uso bapa, lakini nyama za ndani hazikufupika kwa kiasi kilekile. Kaakaa laini huning'inia hadi kwenye mlango wa koo, ulimi hujaza kinywa, na matundu ya pua mara nyingi huwa finyu. Ikumbukwe kwamba mbwa hatoi jasho la kutosha kumpoza; hujipoza kwa kuhema, na asiyeweza kuhema vizuri hupatwa na joto kali mwilini hata kwa mwendo ambao mbwa mwingine asingeuhisi. Watafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha udaktari wa mifugo cha London, walieleza mwaka 2022 kwamba hali ya afya ya pug imetofautiana sana na ya mbwa wengine, kiasi kwamba haifai tena kumhesabu kuwa mbwa wa kawaida. Nchini Uholanzi, kuzalisha mbwa ambao pua yao ni fupi kuliko theluthi moja ya urefu wa kichwa kumepigwa marufuku.

Nafasi ya kwanza naipa njia ambayo wengi huiruka, yaani kumchukua pug mkubwa wa miaka miwili au zaidi, kutoka kituo cha kuwahifadhi mbwa au kwa familia inayolazimika kumtoa. Matatizo ya pumzi mara nyingi hayajitokezi wazi kwa kilebu, yaani mtoto wa mbwa; huongezeka kadiri anavyokua, na kufikia umri huo mbwa huwa ameshaonyesha alivyo. Mtembeze kwa mwendo wa haraka kwa dakika tatu, kisha simama umsikilize. Akitulia mapema na pumzi yake ikawa kimya, hiyo ni dalili njema. Akiendelea kukoroma akiwa macho, akatoa povu, au ulimi ukageuka rangi kuelekea buluu, usimchukue kwa kumwonea huruma bila kujua gharama ya upasuaji unaoweza kuhitajika. Uliza pia analalaje. Kuna pug hulala akiwa ameketi, au ameegemeza kidevu ukingoni mwa kitanda, au ameng'ata mwanasesere. Watu humpiga picha wakicheka, kumbe maskini anatafuta namna ya kuacha njia ya hewa wazi.

Nafasi ya pili ni kununua kilebu kwa mzalishaji aliyewapima wazazi. Si njia mbaya hata kidogo. Imeshuka nafasi moja kwa sababu hapo unanunua matarajio. Mtazame mama ana kwa ana, na ikiwezekana baba pia, kwa maana uso wa kilebu hauwezi kukueleza yale ambayo pumzi ya mama yake itakueleza. Matundu ya pua yawe wazi na mviringo. Yakiwa kama ufa uliochorwa kwa ukucha, ondoka. Chuo Kikuu cha Cambridge na Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa wa ukoo, wana utaratibu wa kupima upumuaji wa mbwa wa aina hii na kuwapa daraja kuanzia 0 hadi 3, na mbwa wa daraja la 3 hafai kuzalishwa. Mahali ambapo utaratibu huo haupo, daktari wa mifugo anaweza kuwasikiliza wazazi kabla na baada ya mwendo akaandika alichokiona. Omba pia majibu ya uchunguzi wa uti wa mgongo, kwani mkia uliojiviringa huenda pamoja na pingili zilizoumbika vibaya, ambazo zikibana neva huweza kudhoofisha miguu ya nyuma. Kipo vilevile kipimo cha vinasaba kinachoonyesha hatari ya ugonjwa wa uvimbe wa ubongo unaowapata pug, ambao kwa kawaida huua. Kilebu asiondolewe kwa mama kabla ya wiki 8, na aje na kumbukumbu za chanjo na dawa za minyoo. Mzalishaji mwema atakuhoji kuliko utakavyomhoji, usikasirike.

Nafasi ya tatu ni pug aliyechanganywa na mbwa wa pua ndefu, kama vile Beagle au Jack Russell. Wengi wao hupumua vizuri zaidi, lakini si wote, kwa hiyo jaribio la dakika tatu linabaki palepale. Mchanganyiko na Beagle huleta pia mbwa mwenye kelele na hamu ya kufuata harufu, jambo ambalo mwenye nyumba ndogo alipime mapema.

Nafasi ya mwisho, ambayo nimeitaja ili uikwepe, ni kilebu anayeuzwa kwa picha mtandaoni au kukabidhiwa njiani bila mama yake kuonekana. Anayekutangazia rangi adimu ya madoadoa kwa bei ya juu anakuuzia dalili ya mchanganyiko, kwani rangi hiyo haimo katika ukoo wa pug. Rangi zake za kawaida ni hudhurungi hafifu yenye uso mweusi, au weusi mtupu.

Akishafika nyumbani, kazi ya kwanza ni uzito, kwa sababu kila gramu ya mafuta shingoni hubana njia ya hewa ambayo tayari ni nyembamba. Pug ni mlafi na ni hodari wa kuomba, na katika nyumba yenye watoto watatu atalishwa mara tatu bila mtu yeyote kumwambia mwenzake. Pima chakula chake asubuhi, kiweke kwenye chombo kimoja, na chochote anachopewa siku hiyo kitoke humo. Ukipitisha vidole ubavuni uzihisi mbavu bila kubonyeza sana. Zabibu, chokoleti na vitunguu asipewe kabisa. Mtembeze alfajiri au jioni, umfunge mkanda wa kifuani badala ya kola, na usimwache ndani ya gari hata kwa dakika chache. Akizidiwa na joto, mmwagie maji ya baridi, mpepee, na umpeleke kwa daktari mara moja. Mashirika mengi ya ndege huweka masharti makali kwa mbwa wa uso bapa au huwakataa kabisa, jambo ambalo familia inayohamahama ilijue kabla ya kununua.

Makunyanzi ya uso, hasa lile la juu ya pua, yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu kisha yakaushwe kabisa, maana unyevu unaobaki ndio unaoleta harufu na vidonda. Meno 42 yamebanana katika taya fupi, kwa hiyo yapigwe mswaki. Manyoya hupukutika mwaka mzima. Hilo halina dawa zaidi ya brashi na subira.

Macho yanataka haraka kuliko yote hayo. Yamejitokeza nje na hayana pua ndefu ya kuyakinga, hivyo mwiba, ukucha wa paka au unywele wa kunyanzi hutosha kuyachubua. Pug anayefumba jicho moja, anayetokwa na machozi mengi au ambaye jicho lake limeanza kuwa na ukungu apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Jicho likitoka katika tundu lake, kama inavyoweza kutokea anapovutwa kwa nguvu ngozi ya shingo, usilirudishe kwa mkono: lifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji, mzuie asijikune, na uondoke naye papo hapo.