Gia za baiskeli ya mota: ukiwa Malindi nunua hizi, na usikimbilie gia 12

Haipiti wiki bila mtu kunisimamisha njia ya Casuarina ama kuniletea baiskeli hapa nyumbani Barani, na shida ni ile ile, gia zinagonga, cheni inaruka akianza kupanda, sasa anataka kujua anunue seti gani. Na wengi washajazwa kichwa na mtu kwamba dawa ni gia 12, manake nyingi ndo nzuri. Mimi huu mwaka wa tano naendesha baiskeli ya mota ya umeme, Mambrui, Marafa, Gede mpaka ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na nawaambia kabisa bila kuzunguka, kwa hapa kwetu penye chumvi na mchanga gia chache nene za chuma zinashinda gia nyingi nyembamba. Hela utakazookoa weka kwa cheni.

Lakini kwanza angalia mota yako iko wapi. Kama iko kwenye gurudumu la nyuma, pale katikati ya spoku, basi nguvu yake haipiti kwenye cheni hata kidogo, cheni inabeba mguu wako tu kama baiskeli ya kawaida. Wewe huhitaji kutumia pesa nyingi. Kama mota iko chini pale kwenye pedali hapo ndo mambo yanabadilika, manake kila kitu mota inachotoa kinavutwa na cheni ile ile unayovuta wewe. Mota ya Shimano EP8 inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 85, Bafang BBSHD ambayo watu wengi wanafunga kwa baiskeli za mtumba inafika 160. Sasa chukua nguvu hiyo yote, halafu ubonyeze gia katikati ya mchanga mota ikiwa inavuta, cheni iko nusu kwenye meno ya gia hii nusu kwenye ile, ule mlio wa KRAA unaousikia ndo meno yanakwenda hivyo.

Kabla hujanunua chochote fanya haya matatu, tafadhali sana. Kijana mmoja wa Muyeye alikuja na hela mkononi anataka nimuagizie seti nzima, nikamwambia ngoja kwanza. Nikavuta kebo ya gia, haitoki! Chumvi imeingia ndani ya mpira wake imeshika kutu. Tukabadilisha kebo ya chuma isiyoshika kutu na mpira wake mpya, gia zikaingia moja moja safi, akarudi nyumbani na hela zake karibu zote. Kwa hiyo kebo kwanza. Pili angalia kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia direla kwenye fremu, yaani ule mkono wa nyuma unaosukuma cheni, kikipinda hata kidogo tu baiskeli ikianguka hakuna gia itakayokaa sawa hata ununue ya bei gani. Simama nyuma ya baiskeli uangalie kama direla imesimama wima sambamba na gia. Tatu pima cheni, na huhitaji kifaa, chukua rula ya chuma uhesabu vipande 24 toka pini hadi pini, cheni mpya inasoma milimita 304.8, ikifika 306.3 ishavutika asilimia nusu, na kwa gia 11 au 12 hapo ndo mwisho wake, itoe. Ukiiacha inakula kaseti, yaani lile rundo la gia za nyuma, na kaseti ndo hela.

Kitu kingine, hesabu meno ya ile gia ndogo kabisa ya nyuma. Ikiwa na 11, mara nyingi habu yako, yaani kile kitovu cha gurudumu la nyuma, inachukua kaseti za Shimano za kawaida na nyingi ninazotaja hapa zinaingia. Ikiwa na 10 basi habu yako ni ya aina nyingine, Micro Spline ya Shimano ama XD ya SRAM, na hizo haziingiliani. Nimeona watu wameagiza kaseti wakasubiri mwezi na ilipofika haikuingia. Mimi mwenyewe niliuziwa kaseti ya meno 10 na duka moja la Mombasa nikihakikishiwa itaingia, haikuingia na hela haikurudi, roho iliniuma mno.

Haya, sasa tupange.

Namba moja: Shimano CUES, gia 9 au 10. Hii ilitoka 2023 na inatumia mfumo wanaouita Linkglide, meno yake ni manene na yamechongwa kwa ajili ya baiskeli za mota, Shimano wenyewe wanasema inadumu mara tatu kuliko kaseti zao za kawaida. Lakini kilichonifanya niiweke juu si kudumu tu, ni vile inavyobadilisha. Cheni inashuka na kupanda taratibu kama mtu anateremka ngazi, haikutupi mbele, na ukikosea ukabonyeza gia mota ikiwa inavuta inakusamehe zaidi ya zingine zote nilizowahi kufunga. Ya gia 9 kaseti yake kubwa ni 11 kwa 46, yaani gia ndogo meno 11 na kubwa meno 46, ya gia 10 ni 11 kwa 48, kuna na ya gia 11 inayofika 50. Kwa Malindi nachukua ya 10, direla iwe ya U6000 manake ina klachi inayoshika cheni isipigepige kwenye barabara ya mawe. Ya 9 pia inatosha kabisa, hii pwani yetu ni tambarare, tatizo letu ni mchanga si milima. Na uzuri mwingine zote zinavaa cheni ya gia 11, kwa hiyo cheni ni ile ile.

Shida yake ni moja, lazima ununue vyote pamoja, shifta (kile cha kubonyeza gia kwenye usukani), direla na kaseti. Usijaribu kuweka kaseti ya CUES na shifta yako ya zamani ya Shimano, haziendi pamoja, nafasi za kati ya gia si sawa na uvutaji wa kebo si sawa. Mtu akikwambia itakubali, mwambie aifunge yeye kwanza uone.

Namba mbili: microSHIFT Advent X. Gia 10, 11 kwa 48, inaingia kwenye habu ya kawaida, direla ina klachi, na kawaida huwa nafuu. Hii niliifunga kwenye baiskeli yangu ya mota ya Bafang BBS02 nikaenda nayo mwaka mzima na haikuniangusha, ila kubadilisha kwake kuna mshtuko kidogo ukilinganisha na CUES, unasikia kwenye mguu. Ukiagiza uliza kaseti ya chuma yote, ile gia kubwa ya aluminiamu kwa mota ya kati, ile ya kwenye pedali, italika mapema. Nayo pia shifta na direla ziwe zake.

Namba tatu: baki na gia 12 ulizo nazo, kama baiskeli ilikuja nazo. Sisemi mtu atupe Shimano Deore ya gia 12 au SRAM Eagle inayofanya kazi. Nasema tu usihamie huko kwa hela yako. Gia 12 zimebanana, nafasi ni ndogo, kebo ikishika chumvi kidogo tu zinaanza kukataa, na cheni yake nyembamba mchanga wa Mayungu unaimaliza upesi. Kama unayo, weka cheni ya KMC e12 ambayo ni ya baiskeli za mota, na kaseti ikiisha na habu yako ni ya kawaida tafuta ile kaseti ya SRAM NX ya 11 kwa 50. Halafu SRAM wana shifta zinazoruhusu gia moja tu kwa kila kubonyeza, kama unakodisha baiskeli kwa wageni pale Silversands funga hiyo, itakuokolea kaseti nyingi manake mgeni akiona mchanga anabonyeza gia nne kwa mpigo.

Namba nne: SRAM EX1. Ilitoka 2016, gia 8 tu, 11 kwa 48, imetengenezwa makusudi kwa mota na kwa kweli ni kazi nzuri sana, ningeiweka juu zaidi. Lakini inataka habu ya XD na spea zake kuzipata sasa ni kazi, na kitu ambacho siwezi kupata spea yake siwezi kumwambia mtu anunue.

Za umeme, zile direla za betri, naziweka mwisho japo si mbaya. SRAM Transmission iliyotoka 2023 inabadilisha mota ikiwa inavuta na haishtuki, lakini fremu yako lazima iwe na ile sehemu yao maalum ya kufungia, na fremu nyingi tulizo nazo hapa hazina. Shimano nao wana gia zinazojibadilisha zenyewe zikiunganishwa na mota yao ya EP801. Na Pinion wana mota na gia ndani ya boksi moja, gia 12, hakuna direla kabisa, kwa chumvi yetu hii hicho ndo kitu ningetamani kuliko vyote, lakini ile unanunua baiskeli nzima, huwezi kuiongeza kwenye yako.

Wenye mota ya gurudumuni sijawasahau. Nyingi ya hizo hazina kaseti, zina friwili, yaani rundo la gia linalosokotwa kwenye gurudumu kama nati, ya gia 7, ya 14 kwa 28, na ukikimbia unapiga pedali hewani. Tafuta friwili ya DNP ya 11 kwa 34, inasokotwa pale pale, shifta yako ya gia 7 inabaki, ila angalia direla yako inafika meno 34. Basi, umemaliza.

Sasa kubadilisha kwenyewe, manake unaweza kununua CUES na ukaiharibu kwa miezi mitatu. Badilisha kabla, si ndani. Ukitoka Mambrui kuelekea Marafa unaona kabisa mchanga mzito unakuja mbele, shusha gia ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, mbili tatu, moja baada ya nyingine, huku pedali zinazunguka lakini mguu mwepesi kama unakanyaga yai. Pedali lazima izunguke, cheni isiyotembea haihami. Kwenye Bafang kumbuka mota haikatiki papo hapo ukilegeza mguu, inaendelea kidogo, kwa hiyo kama breki zako zina ile swichi ya kukata mota gusa breki kidogo tu bila kushika, bonyeza gia, achia. Bora zaidi ununue kihisi cha gia, kidude kinachokaa kwenye kebo, kebo ikisogea kinakata mota kwa muda mfupi halafu kinairudisha. Kwa bei yake hakuna kitu kitakachokulindia kaseti kuliko hicho. Na kama una throto, ile ya kuendesha mota kwa kidole bila kupiga pedali, kidole nje wakati wa kubadilisha.

Halafu jambo ambalo wa bara hawalijui sana, kwa sababu huku ni tambarare watu wanaishi kwenye gia ndogo kabisa, ile ya meno 11, kutoka Malindi hadi Watamu hajaitoa. Meno 11 yanabeba nguvu yote ya mota peke yake, yanaisha kabla ya mengine hayajaanza kulika. Rudi kwenye gia ya tatu au ya nne kutoka ile ndogo, ama weka gia kubwa zaidi ya mbele.

Na ukipita ufukweni maji yakipwa, siku za bamvua mchanga unakuwa mgumu kama lami na najua utamu wake, ukifika nyumbani usilale kabla hujaimwagia cheni maji baridi ya kawaida, bila presha, uikaushe na kitambaa, utie oili kidogo na kufuta ya juu yote. Oili nzito inayobaki nje inakusanya mchanga. Ukiiacha mpaka asubuhi utakuta cheni nyekundu.

Ukiagiza, agiza cheni mbili kwa kaseti moja, na chukua ya KMC iliyoandikwa EPT manake imepakwa dawa ya kuzuia kutu, uongeze kebo mbili na kile kipande cha kushikia direla cha fremu yako hasa, kila fremu ina chake kwa hiyo piga picha ya kilichopo ukiwa umeweka rula pembeni ndo umtumie muuzaji.