Hansard za Bunge mtandaoni: zinavyomfaa anayefuatilia kazi za Samuel Sitta

Mwanafunzi wa sekondari ya Milambo au mtangazaji wa redio mjini Tabora anayeandika habari za marehemu Samuel Sitta, aliyekuwa Spika, waziri na mbunge wa Urambo, hana haja ya kufunga safari hadi Dodoma. Hansard, yaani taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Bunge, faili moja kwa kila kikao. Ni huduma ya thamani sana, mradi ujue namna ya kuzisoma.

Wengi hukwama kwa sababu wanatafuta jina, na Hansard humwandika Spika au waziri kwa kiti alichokalia. Sitta wa 2005 hadi 2010 yuko chini ya SPIKA. Baada ya hapo tafuta WAZIRI WA USHIRIKIANO WA AFRIKA MASHARIKI, na kuanzia Januari 2015, WAZIRI WA UCHUKUZI. Hapa kuwa makini: mwezi huo alibadilishana wizara na Harrison Mwakyembe, kwa hiyo usipoangalia tarehe utampachika Sitta maneno ya mwenzake. Ukitafuta "Sitta" tupu utakutana pia na mkewe, Margaret Sitta, naye aliyewahi kuwa mbunge na waziri. Ukiandika kwa t moja, utaletewa kila Kikao cha Sita.

Ukitaka kumpima waziri, usiishie kwenye hotuba ya bajeti. Ile huandaliwa na wataalamu wa wizara. Shuka hadi pale anapohitimisha hoja, kisha Kamati ya Matumizi, Bunge zima linapokaa kama kamati kupitia mafungu ya bajeti. Mbunge anasimama kwenye mshahara wa Waziri, anatishia kutoa shilingi, yaani kupunguza shilingi moja kwenye mshahara huo, na waziri analazimika kujibu papo hapo. Kurasa hizo chache zinaonyesha nani anaijua wizara yake na nani anasomewa vikaratasi. Katika hatua hiyo anayeongoza kikao huandikwa MWENYEKITI, hata akiwa Spika mwenyewe.

Wapiga kura wa Urambo watasikitika kidogo. Spika hachangii mjadala wala haulizi maswali, na waziri hamhoji waziri mwenzake, kwa hiyo kilio cha wakulima wa tumbaku hukipati kwa urahisi kinywani mwa Sitta. Kitafute kwa neno "tumbaku", usome wabunge wengine wa Tabora walisema nini. Miaka yake Kituo cha Uwekezaji, 1996 hadi 2005, haimo, maana hakuwa mbunge. Bunge Maalum la Katiba la 2014, aliloliongoza, lina taarifa zake za pekee.

Tungefurahi sana Bunge likiweka orodha ya mawaziri na tarehe zao kando ya kila Hansard. Ingeokoa makosa mengi.

Kikao cha bajeti kinaweza kuzidi kurasa mia, kwa hiyo usipeleke faili zima steshenari. Chapisha kurasa unazohitaji pamoja na ule wa kwanza, wenye namba ya mkutano, kikao na tarehe, la sivyo nukuu yako haitathibitishika.