Uzoefu wangu: kupanga krosova ya ampu kwenye IST

Gari langu, Toyota IST, lilikuja na redio yake ya Japani, ile inayoishia 90 MHz, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar es Salaam zilikuwa hazishiki. Nilipokwenda kubadili redio nikaona heri nimalize kabisa: spika mbili za nchi 6.5 kwenye milango ya mbele, twita mbili (spika ndogo za sauti nyembamba), sabufa ya nchi 12 kwenye buti, na ampu (kikuza sauti) ya njia nne yenye krosova ndani, yaani sehemu inayogawa besi na sauti za juu kwa spika zinazofaa. Nina miezi minane nayo. Ampu yenyewe naikubali sana. Kilichoninyima raha mwanzoni ni jinsi krosova ilivyopangwa.

Fundi alifunga vizuri, waya zimepita safi, ila spika za milango aliziacha zipokee kila kitu, besi nzito ikiwemo. Sauti ikiwa ndogo, hakuna tatizo. Ukiongeza, mwimbaji anakwaruza kila besi inapogonga. Masafa yakishuka nusu, koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, inabidi itembee mara nne ili itoe sauti ya ukubwa uleule. Uzi mnene wa gitaa la besi ni 41 Hz (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika ya mlangoni haina safari ya kufika huko. Koni ileile inayohangaika na besi ndiyo inayombeba mwimbaji, ndiyo maana anaumia yeye.

Ukiuliza ukate besi ya milango wapi, kila mtu atakwambia weka 80 Hz, chini ya hapo ibaki kwa sabufa. Ni pazuri pa kuanzia, lakini hakikisha kwanza kwamba 80 yako ni 80 kweli. Mimi nilichomoa spika, nikapiga toni ya 300 Hz kutoka kwenye simu, nikapima volti za AC zinazotoka kwenye ampu kwa maltimita: 10. Nikashusha toni hadi 80 Hz bila kugusa sauti. Kichujio cha kawaida cha 12 dB (sehemu ya krosova inayokata masafa, ikipunguza 12 dB kila masafa yakizidi mpaka mara mbili), pale kinapokatia, huacha volti 7 hivi kati ya 10. Yangu ilisoma 4.4. Nikapandisha toni kidogo kidogo, nikaikuta 7 kwenye 115 Hz. Yaani nobu inaelekea 80 na kazi inafanyika 115! Tangu siku hiyo siamini maandishi ya kwenye ampu, naamini mita.

Sabufa nayo ilikuwa imewekwa ipokee hadi 120 Hz ili mziki uwe mnene. Unene ulikuwepo, lakini besi ilisikika wazi kuwa inatoka kwenye buti, na sauti za wanaume zilikuwa kama wanaimba ndani ya pipa. Nikaishusha hadi 80, milango nayo 80. Afadhali, ila bado kulikuwa na uzito karibu na 100 Hz, maana gari dogo lililofungwa vioo lenyewe huongeza besi. Mwisho nikatulia kwenye 90 kwa milango na 70 kwa sabufa. Ukisoma namba utadhani kuna pengo katikati. Ukikaa kwenye siti hulisikii.

Kuna jambo la dakika mbili ambalo lilinipa faida kuliko nobu zote: kugeuza waya za sabufa, chanya mahali pa hasi. Kwa vichujio vya 12 dB pande zote mbili, sabufa na milango hupishana nusu wimbi pale zinapokutana, moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Nilipiga toni ya 80 Hz, nikageuza, na sauti ikajaa palepale. Besi ikahamia mbele, kama iko kwenye dashibodi.

Twita ndizo zilizonigharimu fedha ya ziada. Zilikuja na kapasita moja tu ya mikrofaradi 4.7, na kwa twita ya omu 4 hiyo inaanza kupitisha sauti karibu na 8,500 Hz. Spika ya nchi 6.5, ikipita 2,500 Hz hivi, inaanza kumulika mbele yake tu kama tochi, na ya kwangu inamulika goti. Hapo katikati ndipo fidla na kanuni (ala ya nyuzi ya taarabu) zinapoishi, na herufi kama s na sh. Taarabu ilisikika kama inapigwa nyumba ya jirani. Nikanunua visanduku vya krosova vya 3,500 Hz. Karatasi ya twita zangu inasema mtetemo wake wa asili ni 1,500 Hz, na inashauriwa usikate chini ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo 3,500 haiziunguzi. Sasa nasikia kucha za mpiga kanuni zikigusa nyuzi.

Kasoro ya ampu ni nobu zake: laini mno, na ziko chini ya siti ya abiria. Gari likienda kuoshwa zinaguswa. Nimezitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, na zikisogea narudisha bila kuchomoa spika tena.