Kozi ya kujiandaa na intavyuu ya udaktari huku Uingereza: nyota tatu, na zote ni za nusu ya pili

Wazazi wenzangu mmeniuliza sana kuhusu ile kozi ya mtandaoni tuliyomlipia binti wa kaka yangu, basi naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Jina la kampuni silitaji, ziko nyingi na zinafanana, ukishatafuta UCAT tu, ule mtihani wa kuingilia udaktari, kwenye simu matangazo yao yanakufuata mpaka Krismasi. Bei ilikuwa zaidi ya paundi 200, hela ya watu hiyo.

Kwa wasiojua utaratibu, mtoto anaruhusiwa kuomba udaktari vyuo vinne tu na maombi yanafungwa tarehe 15 Oktoba, UCAT anakuwa ameshafanya, halafu ndo mnakaa roho juu mnasubiri kama ataitwa, intavyuu nyingi zinaangukia kati ya Desemba na Machi. Vyuo vingi siku hizi wanatumia MMI, mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, yaani hakai mbele ya jopo moja akahojiwa nusu saa, anazunguka vituo vifupi vifupi, kila kituo kina mtu wake na swali lake, anasoma maelezo dakika moja au mbili, anaingia, baada ya dakika tano mpaka nane hivi kengele inalia anahama. Uzuri wake ukiharibu kituo kimoja yule wa kituo kinachofuata hajui, unaanza upya. Oxford na Cambridge wao bado wana maprofesa wao na maswali ya sayansi, kwa hiyo kama mtoto ameomba huko hii kozi haimfai sana.

Sasa nusu ya kwanza. Jumamosi asubuhi, Zoom, kijana anayesoma udaktari anapitisha slaidi mbio mbio, watoto kibao wamezima kamera. Kanuni nne za maadili ya tiba (kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki), maadili ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku, kesi ya Gillick ya 1985 kuhusu mtoto chini ya miaka 16 kukubali matibabu mwenyewe, sheria ya kuchangia viungo ya England iliyobadilika Mei 2020. Mimi ni nesi, nilikuwa jikoni nakata vitunguu huku nasikiliza, na kwa kweli hakuna alichosema ambacho hukipati bure. Mwongozo wa GMC, baraza linalosajili na kusimamia madaktari huku, unaoitwa Good Medical Practice, toleo lililoanza kutumika Januari 2024, uko wazi kwenye tovuti yao, na Medical Schools Council, yaani baraza la vyuo vya udaktari, nao wana maelezo ya intavyuu bila senti tano.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ile karatasi ya kanuni nne ilimharibu mtoto kwa muda. Nikamuuliza, mgonjwa mzima anavuja damu na anakataa kuongezewa damu kwa sababu ya dini yake, utafanyaje? Akaanza kuzitiririsha zote nne kama shairi la shule ya msingi, hakuna mahali aliposema nitakaa naye nimuulize ameelewa nini, au nitahakikisha ana akili timamu ya kuamua, maana akiwa mtu mzima na akili yake timamu ana haki ya kukataa hata kama atakufa. Jibu ndo hilo jamani, kanuni zinakuja baadaye kueleza kwa nini.

Nusu ya pili ndo niliyoilipia kwa moyo mweupe. Mazoezi ya mtu mmoja mmoja na daktari aliyestaafu, mama mmoja mtaratibu sana. Akampa ile ya umegonga paka wa jirani kwa gari, nenda kamwambie, yule mama akawa ndo jirani. Binti akaingia vizuri, akasema, jirani akaanza kulia, na huyu mtoto wetu akaanza kuongea bila breki, pole sana, nitakununulia mwingine, sikumwona, kulikuwa na giza, pole tena. Mama akasimamisha, akamwambia nyamaza, mwache alie. Wakarudia. Safari hii akasema jambo lenyewe, akafunga mdomo, na ule ukimya hata mimi niliyekuwa nyuma ya mlango nikausikia.

Kingine alichokigundua ni hiki ambacho kinawahusu watoto wetu hasa. Swali: daktari bingwa wako ameingia wodini ananuka pombe. Binti akasema atamheshimu, pengine ana matatizo yake. Sisi tumewalea hivyo, mkubwa hakosolewi mbele za watu, shikamoo na macho chini. Yule mama hakumcheka, akamwambia heshima ibaki, muulize kwa upole faraghani, ila mgonjwa haguswi na mtu aliyelewa, na kabla saa haijaisha uwe umemwambia mkubwa mwingine. Hilo kwenye slaidi halikuwepo, na mimi shangazi mtu ningemwambia asingenisikia.

Malalamiko mengine madogo: maoni ya maandishi yalichelewa mpaka intavyuu ya kwanza ikawa imeshapita, na kila baada ya siku mbili wanakupigia wakuuzie paketi kubwa. Nikawakatia.

Binti ameitwa vyuo viwili na kimoja kimempa ofa. Siwezi kusema ni kozi, maana kilichomsaidia kuongea ni zile Jumapili alizokuwa anajitolea kwenye nyumba ya wazee, pale ndo alipata visa vya kueleza.

Kwa hiyo mkiamua kulipa, chukueni mazoezi ya mtu mmoja mmoja peke yake, na kabla ya kutoa kadi ya benki ulizeni atakayekaa na mtoto ni nani, daktari au mwanafunzi. Hela isipokuwepo, tafuteni mtu mzima ambaye mtoto hamzoei, sisi tulimtumia jirani Mghana dereva wa basi, mpeni maswali na simu ya kuhesabu dakika, na mama mtu akae chumba kingine kabisa.