Mashine ya presha yenye batani ya wastani, nimekaa nayo miezi mitatu

Asalaam alaykum. Nimemnunulia mama mashine ya presha ya kufunga mkononi, duka moja la dawa hapa Chake Chake, Pemba, elfu themanini na tano. Palikuwa na nyengine ya elfu arubaini na tano lakini ile inakupa kipimo kimoja ikishazima basi, hii ina memori na ina batani ya kutoa wastani wa vipimo, na mimi nilikuwa naitaka hio batani.

Mana mama anakaa Kengeja, na kila akenda kliniki presha iko juu. 168 kwa 95, anaongezewa dozi, akirudi nyumbani siku ya pili kizunguzungu mpaka anashika ukuta. Mtu katoka alfajiri, kabanwa kwenye gari, kapanda ngazi, kakaa foleni masaa mawili, ndo anafungwa mkanda hata pumzi haijatua. Akatokea daktari mmoja Mungu ambariki akatwambia mpimeni nyumbani siku saba, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, siku ya mwanzo itupeni, zilobaki mfanye wastani. Na nyumbani mstari wa kusema presha iko juu ni 135 kwa 85, sio 140 kwa 90 ya kliniki.

Mjomba wangu mvuvi alifahamu kabla yangu mimi. Alisema ukenda pwani mara moja ukayakuta maji yamejaa, tena bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, huwezi kusema bahari ndo inapokaa. Na kweli ndo ilivo, maji yanajaa na kutoka mara mbili kwa siku, halafu bamvua na maji mafu, yale yasojaa sana, ndani ya mwezi, halafu mwezi wenyewe una mzunguko wake wa miaka 18 na nusu na ushei, ndo mana Wamarekani wakitafuta usawa wa bahari wanachukua wastani wa miaka 19. Watu wa hali ya hewa wanachukua miaka 30, sasa hivi wanatumia 1991 mpaka 2020, kwani masika moja ikikosa mvua haikwambii kitu. Na kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu ni hivo hivo, chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120 na sukari inaganda humo, kwa hio damu yenyewe ishakufanyia hesabu, ila wiki za karibuni zina uzito zaidi. Kila kitu kina muda wake wa kukisubiri kwa jinsi kinavocheza, na presha inacheza kila dakika.

Sasa mashine. Ukibonyeza inapima mara tatu, inapumzika dakika moja katikati, halafu inatoa wastani. Siku ya mwanzo mama alitoa 158 kwa 92, 149 kwa 88, 141 kwa 86. Ikaandika 149 kwa 89. Hapo mimi sijaridhika, mana kile cha mwanzo karibu kila siku ndo kikubwa, ukikitoa inakuwa 145 kwa 87, na mashine haina njia ya kukitoa. Naandika kwenye daftari mwenyewe.

Lakini lilotusumbua khasa ni saa. Kijana wa dukani aliniwekea saa siku ile ile, ilikuwa saa nne asubuhi, akaandika 4:00. Saa ya Kiswahili! Mashine ina wastani wa asubuhi wenye alama ya jua na wa jioni wenye mwezi, na asubuhi yake inaanza 4:00 inaishia 9:59 kwa saa ya kizungu. Mama akipima baada ya sala ya alfajiri, saa kumi na mbili na nusu, yenyewe inasoma 0:30, usiku wa manane. Wiki nzima nabonyeza jua naona vistari vitupu, nikadhani mbovu nikataka kuirejesha. Ni saa tu. Ukinunua, saa nne ya asubuhi iandikwe 10:00, usikubali vyenginevo.

Jengine, ina mtu 1 na mtu 2. Shemeji karudi kuchuma karafuu, jasho linamtoka, kajipima kwa batani ya mama, 171, ikaingia kwenye wastani wa mama na huwezi kufuta kipimo kimoja, unafuta vyote. Nimebandika plasta juu ya batani ya 1 nimeandika MAMA.

Baada ya saa kurekebishwa wiki ya pili mama katoka 132 kwa 81. Daktari kaliangalia daftari, kapunguza dozi, na kizunguzungu kimekwisha, mama anakwenda shamba mwenyewe.

Nyota nne kwa tano. Mkanda unokuja nao ni wa mkono wa kawaida, kama mgonjwa wako ni mnene ukimbana inasoma juu kuliko ilivo, mkubwa unauzwa peke yake, uliza kabla hujalipa.