Bawaba za stenlesi kwenye mabuti ya motahomu: zimepita msimu mzima wa chumvi

Haya, karibuni tena ndugu zangu. Leo niko nje, jua la Minnesota limekubali kutoka, na nyuma yangu ndiyo ile motahomu yetu, gari lenye nyumba ndani yake, ya mwaka 1999 mnayoicheka kila siku. Ngoja nisogeze kamera. Mnaliona hili buti la pembeni, tunapoweka mipira ya maji na viti vya kukunja? Sikilizeni nikifungua. Umesikia huo mlio? Mlango umelala upande wa kulia kama milimita 6, komeo halikutani na tundu lake. Mwenzake wa upande wa pili ulitutia aibu Juni mwaka jana. Tuko kwenye barabara ya 94 tunaelekea Fargo, shemeji anatazama kioo cha pembeni, ananiambia, "Shem, simama, kuna mtu anatupungia mkono." Mtu gani! Ulikuwa mlango.

Bawaba yake ya zamani ninayo hapa. Mabawa ni alumini, pini ya katikati ni chuma. Huku wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi, na maji ya chumvi yakikaa kati ya metali mbili tofauti, alumini ndiyo inayoliwa. Huu unga mweupe, ungedhani wa muhogo, ndiyo bawaba yenyewe inaisha. Tundu la pini lilikuwa duara, sasa limekuwa kama yai. Mlioko Tanga na Mombasa, chungulieni mabuti ya mizigo ya mabasi yenu. Kondakta anapofunga kwa teke, mara nyingi hana ubaya, bawaba imekwisha.

Sasa bidhaa yenyewe. Hii ni bawaba ndefu ya stenlesi, gredi 304, futi 6, unene milimita 1.5, unaikata kwa urefu wa mlango wako. Nimelipa dola 41. Na hii ni ya pili kununua. Ya kwanza ilikuwa bei poa, imeandikwa stenlesi, nikapitisha sumaku: mabawa sawa, pini ikanasa paa! Pini ya chuma cha kawaida. Sumaku ikivuta kidogo tu usiogope, stenlesi iliyokunjwa au kuvutwa kiwandani huwa hivyo. Ikinasa kama kwenye friji, irudishe ilikotoka.

Niliyoipendea zaidi, haina matundu. Zilizotobolewa tayari zinaonekana rahisi, lakini matundu yake hayakutani na ya zamani, unatoboa mapya katikati yake, mwisho bati la mlango linakuwa chekeche. Hii unaweka alama kufuata matundu yaliyopo. Ila kuitoboa, jamani! Stenlesi ukiikimbiza na keekee inazidi kuwa ngumu. Niliunguza biti 2 kabla sijajifunza adabu. Biti ya kobalti, mwendo wa polepole, tone la mafuta, na ukandamize kweli.

Halafu kuna jambo watu wanalisahau. Ukifunga stenlesi moja kwa moja juu ya bati la alumini, umerudisha ugomvi ule ule, umebadilisha wagombanaji tu. Kwa hiyo chini ya bawaba napitisha utepe wa butili, ule mpira laini unaonata, urefu wote, na kila ribiti, vile vipini vya kubania bati, naichovya kwenye mastiki ya kuziba maji kabla ya kuisukuma. Butili, si silikoni. Silikoni ikishaachia, hata silikoni mpya haiishiki ile ya zamani, utakaa kutwa unakwangua.

Kosa langu kwenye mlango wa kwanza: nilitoboa ribiti zote za zamani kwa mkupuo. Mlango ukapoteza mahali pake, ikabidi shemeji aushike dakika 20.

"Shem, mkono umekufa ganzi."

"Vumilia shemeji, bado ribiti 2."

Zilikuwa 9. Siku hizi kabla sijagusa kitu nachomeka vijiti vya kukorogea rangi pande zote za mlango, nafunga tepu juu, ndipo naanza, na ribiti natoa moja moja. Ribiti ninazotumia ni milimita 4.8, nazo ni stenlesi. Koleo dogo la ribiti litakutesa, tafuta la mikono mirefu.

Kwa anayeishi kukavu, tuseme Arizona, mimi ningemwambia achukue alumini tu. Inakatwa kwa msumeno dakika moja na pesa inabaki. Stenlesi ni yetu sisi wa chumvi. Naipa 8 kwa 10. Hizo 2 nimezikata kwa sababu ya kingo zake, hazijasuguliwa, mnaiona plasta kidoleni.

Twendeni upande wa pili, huu ndio mlango niliofunga Septemba. Nainua... naachia katikati... hauchezi. Pini safi, unga hakuna. Lakini ngoja, sogea hapa pembeni. Mnaona rangi imevimba, ukubwa wa harage? Hapo butili iliniishia, nikasema sentimita 3 zitafanya nini. Ndiyo hizo. Jumamosi nafungua ribiti za kona hii niweke utepe, na huu uliolala nao nitaufanya siku hiyo hiyo, shemeji akikubali kuja.