Flashi ya zilipendwa kutoka Kariakoo: huduma nzuri, chemko hakuna

Anayetafuta muziki wa dansi wa miaka ya 1960 hadi ya 1980 hana haja ya kwenda mbali, kwa kuwa wamachinga wa Kariakoo bado wanaingiza nyimbo hizo kwenye flashi huku mteja akisubiri. Mwezi uliopita niliitumia huduma hiyo mara mbili katika kibanda kilicho jirani na Mtaa wa Msimbazi. Sikitaji kwa jina kwa sababu hakina jina: ni meza, mwavuli, kompyuta ya mpakato iliyokwisha kufutika herufi, na spika iliyofungwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo.

Kijana anayeuza hapo alizaliwa baada ya nyingi ya bendi hizo kusambaratika, lakini masikio yake ni ya mzee. Nilimwimbia mistari miwili ya wimbo ambao jina lilikuwa limenitoka, akainamisha kichwa, akauliza, "Mzee wangu, hiyo ya Sikinde au ya Msondo?" akitaja bendi mbili za dansi, na kabla sijajibu spika ilikuwa inaupiga. Kwa shilingi 5,000 niliondoka na nyimbo 80, nyingi zikiwa na sauti safi kuliko nilivyotarajia.

Kasoro ya kwanza imo katika orodha, ile karatasi iliyofunikwa plastiki ambayo mteja anaichagulia. Imepanga NUTA Jazz, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma kana kwamba ni bendi nne, ilhali ni bendi moja iliyoanzishwa chini ya chama cha wafanyakazi katika miaka ya 1960 na ikawa inabadili jina kila chama hicho kilipobadilika. Si suala la kumbukumbu tu, maana linamgusa mteja mfukoni: nilijikuta na nyimbo tano zilizojirudia, mara moja chini ya NUTA na mara nyingine chini ya JUWATA, na zote nimezilipia. Mbaraka Mwinshehe naye amewekwa chini ya Super Volcano kwa kila alichoimba, ingawa bendi hiyo aliiunda mwaka 1973, na kabla ya hapo alikuwa nguzo ya Morogoro Jazz.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonirudisha kibandani. Nyimbo sita zilikatika katikati, gitaa likiwa ndiyo kwanza linabadili mwendo, yaani pale pale chemko, ile sehemu ya mwisho yenye mwendo wa kasi, inapoanza. Na anayeupenda muziki wa dansi anajua kwamba maneno husikilizwa ukiwa umekaa, lakini kwenye chemko watu huinuka. Nilidhani ni uzembe wa kunakili, kumbe chanzo ni cha zamani zaidi. Tanzania wakati ule haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki redioni kwa ajili ya kurushwa hewani, na waliotaka santuri walilazimika kwenda Nairobi. Huko wimbo mrefu uligawanywa, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili wa santuri ndogo, kwa hiyo aliyenakili upande mmoja tu alituachia maneno bila chemko. Rekodi zilizotoka redioni hazina ugonjwa huo: zinavuma kidogo kwa nyuma, lakini zinafika mwisho.

Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia ya kwenda Nairobi ikawa nyembamba zaidi. Kanda ya kaseti ndiyo iliyoziba pengo: watu walinasa nyimbo redioni, vibanda vikazidurufu, na mchuuzi wa barabarani akawa ndiye msambazaji wa muziki wa nchi nzima, ingawa mpigaji gitaa hakuona senti. Hata Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, aliyetamba na Safari Trippers na baadaye Dar International, katika siku zake za mwisho aliuza kanda za nyimbo zake mwenyewe kwenye meza ya mtaani hapa hapa Kariakoo, akafariki mwaka 1995. Kwa hiyo ninapomlalamikia kijana huyu kuhusu orodha, simwiti mwizi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja akiwa mtoto, tena meza aliyoirithi ni ile ile.

Niliporudi na malalamiko yangu hakubisha. Alizipiga nyimbo zote sita, akasikiliza miisho yake, kisha akatoa diski ya pembeni iliyozungushiwa utepe wa gundi na kunitafutia pande za pili. Nne zilipatikana, akaziingiza bure. Mbili aliniomba nimpe wiki. Kwa anayetaka kwenda, namshauri afike asubuhi kabla kelele za mtaa hazijaizidi spika, achukue flashi tupu, na asikubali kusikilizishwa mwanzo wa wimbo peke yake. Aombe apelekwe dakika ya mwisho. Kama gitaa halijachemka, amwulize upande wa pili uko wapi.